Shahada ya Nyumbani, Taaluma ya Ughaibuni: Mwongozo Kamili wa Kutumia Chuo cha Jamii cha Marekani

Ingia katika nyumba ya kutunzia wazee katika mji wowote wa Marekani wenye Waafrika Mashariki wengi, saa tano usiku, wakati zamu zinapopokezana, na hutakosa kumkuta mwenye shahada akivaa glavu. Huyu alifundisha jiografia sekondari kwa miaka tisa, yule alikuwa mhasibu wa chama cha ushirika, na mwingine alisomea kilimo akawa ofisa ugani. Wenyewe husema wanabeba boksi, hata pale ambapo anayebebwa ni mzee wa watu na si boksi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao: watu waliokwisha kuhitimu, ambao hawana haja ya kusoma tena miaka minne, bali wanahitaji njia fupi na halali ya kuifikia kazi yenye leseni, mshahara wa kueleweka na bima.

Njia hiyo mara nyingi ni chuo cha jamii. Vyuo hivi ni vya umma, viko karibu elfu moja nchini kote, na cha kwanza ambacho bado kinafanya kazi ni Joliet Junior College cha Illinois, kilichoanzishwa mwaka 1901. Hutoa vyeti vya miezi kadhaa na shahada ya miaka miwili, ambayo Wamarekani huiita associate, yenye krediti (vipimo vya wingi wa masomo) zipatazo 60, yaani nusu ya shahada ya kwanza. Kujiunga na chuo chenyewe ni rahisi, kwa kuwa vingi havichuji waombaji. Ugumu uko kwenye mlango wa pili, ule wa programu yenyewe, na wengi hawajui kwamba mlango huo upo mpaka wamekwisha kulipa ada ya mihula miwili.

Hatua ya kwanza: chagua kazi kabla ya kuchagua kozi

Kosa la kawaida ni kufungua orodha ya kozi za chuo na kutafuta jina linalovutia. Anza upande wa pili. Fungua matangazo ya kazi ya hospitali, viwanda na ofisi zilizo umbali wa nusu saa kutoka nyumbani kwako, usome matangazo ishirini ya kazi unayoitamani, kisha uandike kila sifa inayojirudia. Wizara ya Kazi ya Marekani ina kitabu cha mtandaoni kiitwacho Occupational Outlook Handbook, kinachoeleza kila kazi inahitaji elimu gani na hulipa kiasi gani. Humo utaona kwamba mwaka 2024 mshahara wa kati wa muuguzi aliyesajiliwa ulikuwa dola 93,600, na wa mtaalamu wa usafi wa meno dola 94,260, na kazi zote mbili zinaingilika kwa shahada ya miaka miwili. Takwimu hizo ni za taifa zima. Za jimbo lako ndizo za kupangia bajeti.

Chukua mfano wa tangazo la mpiga picha za eksirei. Mstari wa sifa utasema mwombaji awe amesajiliwa na ARRT, bodi ya Marekani inayosajili wataalamu wa picha za mionzi. Herufi hizo nne ndizo kazi yenyewe. Ukizifuatilia utakuta kwamba tangu mwaka 2015 bodi hiyo inamtaka mtahiniwa awe na angalau shahada ya miaka miwili, lakini si lazima shahada hiyo iwe ya radiolojia. Maana yake ni kwamba mwenye shahada tayari anaweza kujiunga na programu ya cheti pekee na kuokoa masomo mengi ya jumla. Waandikie ARRT kabla ya kulipa senti yoyote, uulize kama shahada yako ya Dodoma au Eldoret inapokewa na kwa utaratibu gani. Jibu la barua pepe kutoka bodi lina uzito kuliko maneno ya rafiki aliyepita njia hiyo miaka kumi iliyopita.

Hatua ya pili: hakiki ithibati ya programu, si ya chuo tu

Chuo kinaweza kuwa na ithibati ilhali programu moja ndani yake haina. Kwa kazi zenye leseni, hiyo ya programu ndiyo inayokufungulia chumba cha mtihani. Radiografia huthibitishwa na JRCERT, tiba ya upumuaji na CoARC, usafi wa meno na CODA. Uuguzi lazima kwanza uidhinishwe na bodi ya wauguzi ya jimbo, na ukipata wenye ithibati ya ACEN au CNEA ni bora zaidi, kwa sababu hukurahisishia kuendelea na shahada ya juu baadaye. Taasisi zote hizi zina orodha mtandaoni. Tafuta jina la chuo humo mwenyewe, usitosheke na nembo iliyobandikwa kwenye kipeperushi.

Kwa uuguzi kuna kipimo kingine ambacho watu hawakitumii vya kutosha: bodi za majimbo huchapisha asilimia ya wahitimu wa kila chuo waliofaulu NCLEX, mtihani wa leseni, katika jaribio la kwanza. Ukikuta vyuo viwili viko umbali sawa na nyumbani, na kimoja kinafaulisha wengi zaidi mwaka baada ya mwaka, huna haja ya kuuliza zaidi.

Tahadhari pia na vyuo binafsi vinavyoendeshwa kwa faida, vile vinavyotangazwa kwenye mabasi. Ada yake yaweza kuwa mara kadhaa ya ile ya chuo cha jamii, na krediti zake mara nyingi hazipokewi na vyuo vingine. Ukipigiwa simu na mtu anayekuhimiza utie saini wiki hii hii, tambua kwamba vyuo vya jamii kwa kawaida havina tabia ya kumfukuzia mtu namna hiyo.

Hatua ya tatu: fanya shahada yako isomeke

Chuo cha Marekani hakijui daraja la pili la juu ni nini. Inabidi matokeo yako yapitie kwa mkaguzi wa vyeti vya nje, na vyuo vingi hukubali wakaguzi walio wanachama wa NACES, umoja wa wakaguzi wa vyeti, kama vile WES na ECE. Omba ripoti ya somo kwa somo. Ile ya bei nafuu, inayosema tu kwamba shahada yako inalingana na nini, haikusaidii kusamehewa somo hata moja.

Hapa ndipo mambo hukwama, na hukwama nyumbani wala si Marekani. Mkaguzi hutaka nakala ya matokeo itoke moja kwa moja chuoni, katika bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri au kwa njia ya kielektroniki iliyokubaliwa. Barua pepe kwa ofisi ya msajili yaweza kukaa miezi bila jibu. Ndugu yako akienda mwenyewe dirishani, na barua ya idhini uliyotia saini, na stakabadhi ya malipo, na akarudi Alhamisi kama alivyoambiwa, mambo husogea. Angalia pia majina. Wengi wetu cheti cha shahada kinasema majina matatu, pasipoti inasema mawili, na kadi ya ukaazi imegeuza jina la babu kuwa la ukoo. Mkaguzi akiona hivyo husimamisha faili. Andaa mapema hati ya kiapo au cheti cha ndoa kinachoeleza tofauti hiyo, uitume pamoja na ombi la kwanza.

Ripoti ikitoka, ipeleke kwa mshauri wa masomo na uombe maandishi yanayoonyesha ni masomo gani umesamehewa. Masomo ya jumla, kama vile uandishi, historia na sayansi ya jamii, huenda yakapita, ingawa kuna vyuo vinavyosisitiza Kiingereza kisomwe upya. Sayansi ni suala jingine: programu nyingi za afya hazipokei anatomia au mikrobiolojia iliyosomwa zaidi ya miaka 5 au 7 iliyopita. Usibishane nao sana. Kurudia somo unalolifahamu hukupa alama nzuri, na alama hizo utazihitaji. Jambo dogo la kukumbuka ni kwamba ACTFL, shirika la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni, hutoa mtihani wa kuzungumza Kiswahili, na vyuo vingine hutoa krediti za lugha kwa matokeo yake. Kama programu yako inadai krediti za lugha ya kigeni, Kiswahili chako hakijaenda bure.

Hatua ya nne: fedha, na mtego unaowahusu wenye shahada

Hapa msomaji mwenye shahada asome polepole, kwa sababu ushauri anaopewa na jirani asiye na shahada haumfai.

Msaada mkubwa wa serikali kuu ni Pell, ambao haurejeshwi, na kwa mwaka wa masomo 2025–26 hufikia dola 7,395. Huombwa kupitia fomu ya FAFSA, na wanaostahili kuijaza ni pamoja na raia, wakaazi wa kudumu, wakimbizi na waliopewa hifadhi. Lakini kwa kawaida Pell haitolewi kwa mtu aliyekwisha kupata shahada ya kwanza, na shahada ya nje ya nchi nayo huhesabiwa. Kuna watu wanaoshauriwa na marafiki wajaze kwamba hawana shahada. Usifanye hivyo. Ni kusema uongo kwa serikali, na ripoti ile ile ya ukaguzi wa vyeti uliyoipeleka kwa mshauri wa masomo ndiyo itakayokuumbua.

Ipo njia ya haki. Kanuni zinakiruhusu chuo kuamua kwamba shahada ya nje hailingani na shahada ya Marekani, iwapo mwanafunzi ataleta ushahidi wa maandishi. Shahada nyingi za Tanzania na Uganda ni za miaka mitatu, na baadhi ya wakaguzi huzitafsiri kuwa miaka mitatu ya masomo ya chuo kikuu, si shahada kamili. Ripoti ya hatua ya tatu ikisema hivyo, hata kama inakuudhi, yaweza basi kuwa ndiyo inayokufungulia Pell. Ipeleke ofisi ya misaada ya fedha, ueleze hali kwa uwazi, na uwaachie uamuzi.

Mipango ya majimbo ya kusomesha watu wazima bure, kama Tennessee Reconnect, Michigan Reconnect na MassReconnect ya Massachusetts, nayo imelengwa kwa wasio na shahada. Baada ya milango hiyo kufungwa, hii ndiyo inayobaki wazi kwa mhitimu. Kwanza, sheria ya WIOA ya mwaka 2014 hulipia mafunzo ya watu wasio na kazi au wenye kipato kidogo kupitia vituo vya American Job Center, na haikuulizi kama una shahada. Programu tu ndiyo lazima iwe katika orodha iliyoidhinishwa na jimbo. Nenda kabla ya kujiandikisha, maana kwa kawaida hawalipii kozi uliyokwisha kuianza kwa fedha zako. Pili, mwajiri. Sheria ya kodi inamruhusu kukulipia masomo hadi dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi juu yake, na mifumo mingi ya hospitali hufanya hivyo hata kwa wasaidizi wa wauguzi, ila husubiri uulize. Tatu, punguzo la kodi liitwalo Lifetime Learning Credit, ambalo ni asilimia 20 ya ada yako, kikomo dola 2,000 kwa mwaka, halijali umehitimu mara ngapi, japo lina ukomo wa kipato na hupunguza tu kodi unayodaiwa. Mikopo ya serikali ipo pia. Iweke mwisho.

Ukaazi nao ni fedha. California, yenye vyuo vya jamii 116, humtoza mkaazi dola 46 kwa krediti moja, wakati mgeni wa jimbo hulipa mara nyingi zaidi. Majimbo mengi hudai uwe umeishi humo mwaka mmoja, kwa hiyo leseni ya udereva, mkataba wa nyumba na fomu za kodi vianze kusoma anwani mpya tangu wiki ya kwanza uliyohamia. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, anaweza kusoma chuo cha jamii, lakini hana misaada hii ya serikali na ruhusa yake ya kufanya kazi ni finyu. Hesabu zake ni tofauti kabisa.

Hatua ya tano: masomo ya awali na foleni

Kipeperushi kitakuambia uuguzi ni miaka miwili. Ni kweli, kuanzia siku unayopokewa katika programu. Kabla ya hapo kuna masomo ya awali, kwa kawaida anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili, mikrobiolojia, kemia mara nyingine, takwimu na saikolojia ya makuzi. Ya pili haisomwi kabla ya ya kwanza, kwa hiyo hata ukiwa hodari kiasi gani huwezi kuyabana yote katika muhula mmoja. Kwa mtu anayefanya kazi saa 40, hesabu mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu kabla ya programu, uwe umejiridhisha kwamba jumla ni miaka mitatu na zaidi.

Soma namba ya somo, usisome jina tu. Mimi nilipoteza muhula mzima kwa kemia iliyoandikwa jina lile lile na ile iliyotakiwa, ila namba yake ilikuwa ya wanafunzi wasiosomea sayansi. Nilipata alama ya juu kabisa, nikaipeleka kwa furaha, nikaambiwa haihesabiki. Tangu hapo, kila ninayemshauri humwambia afungue ukurasa wa masharti ya programu, auchape, aupeleke kwa mshauri na kumwomba aweke alama kwa kalamu kwenye kila namba.

Namna ya kuchagua waombaji hutofautiana: vyuo vingine hutoa pointi kwa alama za sayansi na mtihani wa TEAS au HESI, vingine hufuata foleni ya waliotimiza masharti, na vingine huchagua kwa bahati nasibu. Palipo na pointi, alama ya B mahali pa A yaweza kukurudisha nyuma mwaka. Ndiyo maana nashauri uanze na somo moja la jioni, lile gumu, kabla ya kupunguza saa za kazi. Ukifaulu vizuri, ongeza. Ukishindwa, umejua mapema na kwa gharama ya somo moja.

Mwenye shahada inayotambuliwa alinganishe pia na programu za haraka za vyuo vikuu, zinazompa mhitimu wa fani nyingine shahada ya uuguzi kwa miezi 12 hadi 18. Ni za kasi kiasi kwamba kufanya kazi pembeni karibu haiwezekani, na ada yake ni kubwa. Kwa mtu mwenye watoto na kodi ya nyumba, mara nyingi chuo cha jamii hushinda hata kama saa inaonyesha kimechelewa.

Hatua ya sita: pasipokuwa na foleni

Afya imetawala mazungumzo yetu mpaka watu wamesahau mengine. Mjini Lexington, Kentucky, ambako Wakongomani wanaozungumza Kiswahili ni wengi, kuna Bluegrass Community and Technical College, chuo kilichoshirikiana na kiwanda cha Toyota cha Georgetown kuanzisha mpango wa FAME mwaka 2010. Mwanafunzi husoma siku mbili kwa wiki na kufanya kazi kiwandani siku tatu kwa malipo, kwa mihula mitano, akitoka ni fundi wa mitambo ya kisasa. Mpango huo umeenea majimbo mengine. Fundi wa namna hii hahitaji kuacha kazi ili asome, kwa kuwa masomo yenyewe yana kazi ndani yake.

Ipo pia njia ya kuunganisha shahada ya zamani na cheti kifupi kipya, na kwa maoni yangu hii ndiyo yenye faida kubwa kwa mhitimu, ingawa haina sauti. Mhasibu anayesoma cheti cha uchambuzi wa data, au cha usimbaji wa bili za hospitali, yaani kuandika magonjwa na matibabu kwa namba maalumu za malipo, haanzi sifuri. Anaongeza chombo juu ya ujuzi alio nao. Mwenye shahada ya biolojia asikimbilie ngazi ya chini ya maabara kabla ya kuuliza kama shahada yake inamwezesha kulenga ya juu. Na mwalimu wa lugha azingatie ukalimani wa hospitali: cheti cha CoreCHI kiko wazi kwa mkalimani wa lugha yoyote, Kiswahili kikiwemo, na moja ya masharti yake ni mafunzo ya saa 40 ambayo baadhi ya vyuo vya jamii hufundisha jioni. Kujua lugha mbili na kuwa mkalimani ni mambo mawili. Utalielewa hilo siku utakapotakiwa kutafsiri maneno ya daktari kuhusu kongosho bila kusita.

Hatua ya saba: mafunzo kwa vitendo na mtihani

Programu za afya zina saa za mafunzo hospitalini, na hupangiwi wewe unavyotaka. Zamu yaweza kuanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mji wa pili, mahali pasipofikiwa na basi. Panga gari, mlezi wa watoto na mwajiri atakayekubali zamu za wikendi angalau miezi minne kabla. Utatakiwa kuwa na kadi ya chanjo, kipimo cha kifua kikuu na ukaguzi wa rekodi ya polisi. Waliochanjwa BCG utotoni waombe kipimo cha damu, kwa kuwa kile cha ngozi huweza kuvimba kwa sababu ya chanjo, na kukuchelewesha kwa eksirei na barua ambazo hukuzihitaji.

Muhula wa mwisho ndio wa kuomba kazi, hasa katika wodi uliyofanyia mafunzo, ambako msimamizi amekwisha kukuona ukifanya kazi. Katika wasifu wako weka shahada ya nyumbani chini ya ile mpya, kwa jina lake halisi na ulinganifu uliotajwa na mkaguzi. Miaka tisa ya ualimu iandikwe kama uzoefu wa kueleza mambo magumu kwa watu wenye wasiwasi, kwa sababu ndivyo muuguzi anavyofanya kutwa.

Jisajili kwa mtihani wa leseni mara chuo kitakapotuma majina, usiache hata miezi mitatu ipite. Na kabla ya kuomba leseni, fikiria utaishi wapi. Majimbo mengi yamo katika mkataba wa leseni ya pamoja ya wauguzi, kwa hiyo mkaazi wa Texas au Kentucky anaweza kufanya kazi katika majimbo mengine wanachama kwa leseni yake hiyo hiyo. California na New York hazimo. Anayehamia huko huomba leseni upya, hulipa upya, na husubiri.